Tuulize Kwanza: Moto wa Mwezi Gani?

Kiangazi kinapokolea, milima inapofuka moshi na jua la jioni linapotua jekundu kama kaa, hurudi tangazo lile lile tulilozoea kulisikia redioni na kulisoma kwenye mabango ya barabarani: moto ni adui wa misitu, acha kuchoma misitu. Ni tangazo fupi na linakaririka kwa urahisi, lakini lina kasoro mbili ambazo zimetugharimu miti mingi kuliko tunavyokiri. Kwanza, huja Septemba au Oktoba, wakati ambapo moto pekee ambao ungetufaa ulipaswa kuwa umewashwa na kuzimika miezi mitatu au minne nyuma. Pili, huuchukulia msitu wa Tanzania kana kwamba ni kitu kimoja, kuanzia ukungu wa Kilimanjaro hadi miombo ya Liwale, ilhali moto unaoua msitu mmoja waweza kuwa ndio unaoukinga mwingine. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba historia ya moto katika misitu yetu haituulizi kama tuchome au tusichome. Inatuuliza tunachoma msitu gani, mwezi gani, na nani ameshika kiberiti.

Nianze na mlima Kilimanjaro, kwa kuwa ndiko tangazo la redio lina haki kamili. Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, pale wapagazi na wageni wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo, na kwa maelezo yaliyotolewa na mamlaka za hifadhi ulianzia kwenye moto mdogo wa kupashia chakula. Uliteketeza takriban kilomita za mraba 95 kabla ya mamia ya watu, wengi wao wakiwa na mapanga na matawi mabichi mikononi, kufanikiwa kuudhibiti. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukazuka mwingine karibu na kambi ya Karanga, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na safari hii wanajeshi wakapandishwa mlimani kusaidia. Matukio haya mawili yalitangazwa dunia nzima. Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa imeshatokea kimya kimya kabla yake. Andreas Hemp, mwanabotania Mjerumani aliyeutafiti mlima huo kwa miongo kadhaa, alilinganisha picha za setilaiti na kukuta kwamba kati ya 1976 na 2000 misitu ya miti ya jamii ya Erika, ile inayofunga mpaka wa juu wa msitu, ilipungua kutoka takriban kilomita za mraba 187 hadi 32. Sababu kuu ilikuwa moto. Mpaka wa juu wa msitu ukashuka kwa mamia ya mita, na palipokuwa na miti mirefu pakabaki vichaka.

Mtu ambaye hajapita huko asubuhi hawezi kuelewa uzito wa hasara hiyo kwa kusoma tarakimu. Miti ile imevaa ndevu za kuvu za rangi ya kijivu kutoka shinani hadi kwenye vitawi, na ukungu unapopita katikati yake, kila ndevu hunasa matone, matone huungana, na chini ya mti hunyesha hata siku ambayo mvua haijanyesha. Mti ukiungua, ukungu hupita bila kuacha kitu. Kwa hesabu za Hemp, maji yaliyopotea kwa kukosa miti ya kunasa ukungu ni mengi kuliko yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu ya kileleni, ile ambayo dunia nzima huililia. Tumezoea kumwonyesha mgeni theluji inayopungua na kumwambia hapo ndipo maji ya Wachagga yanapokwisha. Tungepaswa kushusha kidole chini kidogo. Mifereji ya vijijini na mto Pangani wenyewe, pamoja na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu na Hale, hutegemea zaidi msitu na mvua yake kuliko ile kofia nyeupe.

Je, moto ni mgeni Kilimanjaro? Hapana. Tope lililochimbwa katika kreta ya Maundi, matembezi mafupi tu kutoka Mandara, lina chavua na chembe za mkaa za makumi ya maelfu ya miaka, zikionyesha kwamba mlima uliwahi kuungua na kupona mara nyingi. Kilichobadilika ni kasi. Mvua za mlima zimepungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na viberiti vimeongezeka: vya warina asali, vya wawindaji, vya wapagazi, vya wakulima wa mpakani. Erika huweza kuchipua baada ya moto mmoja, lakini haiwezi kurefuka upya ikiwa inachomwa tena kabla ya kuwa mti. Kwa hiyo kwa Kilimanjaro, na kwa misitu ya mawingu ya Usambara na Uluguru ambayo haikuumbwa kuishi na moto, jibu langu ni lile la redio bila masharti: moto usiingie kabisa.

Sasa tushuke miombo, na hapa ndipo ninapoachana na tangazo.

Misitu na mapori ya miti hufunika takriban hekta milioni 48 za Tanzania Bara, zaidi ya nusu ya nchi, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni miombo. Huo ni msitu wenye paa jepesi linalopitisha jua hadi chini, kwa hiyo nyasi huota, hufikia kimo cha mtu, na hukauka kila mwaka. Nyasi iliyokauka itaungua. Ikiwa haitachomwa na mwenye shamba itachomwa na mwindaji wa panya, na ikiwa hatatokea yeyote kati yao, radi ya kwanza ya Novemba inaweza kuifanya kazi hiyo. Anayepanga kuilinda miombo ya nchi nzima isiguswe na moto hata mara moja, na tena kwa idadi ya mabwana misitu tulio nao wilayani, anapanga jambo ambalo halitatokea.

Swali la nini hutokea miombo ikichomwa lilijibiwa zamani, na si kwa maneno. Karibu na Ndola, katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini na sasa ni Zambia, jaribio lilianzishwa mwaka 1933 kwa kugawa msitu vipande. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu; kingine kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi; kingine kikalindwa moto usiingie. Matokeo yalichapishwa na mwanaikolojia C. G. Trapnell mwaka 1959, baada ya zaidi ya miaka 20 ya uvumilivu ambao wafadhili wa leo wasingeuruhusu. Kipande kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kiliendelea kupoteza miti mpaka kikawa nyasi zenye visiki na vichipukizi. Kilicholindwa kilisongamana na kuanza kuingiwa na miti ya kijani kibichi. Kilichochomwa mapema kilibaki kuwa msitu wa miombo, na miti yake ikiendelea kukua. Ardhi ilikuwa ile ile na mvua ile ile, na vipande viwili kati ya hivyo vilichomwa mara moja kwa mwaka bila kukosa. Kilichovitofautisha ni mwezi.

Nimewahi kutembea nyuma ya watu wanaochoma mapema kusini mwa nchi, mvua za masika zikiwa zimekatika wiki chache tu. Walianza saa kumi jioni, upepo ukiwa umetulia. Moto uliwashwa kwa kishungi cha nyasi kilichoburutwa pembeni mwa njia, na ukatembea polepole, kimo cha goti, mahali pengine kifundo cha mguu, ukila majani makavu na kuyaacha yenye ubichi. Ulipofika kwenye bonde lenye unyevu ukafa wenyewe. Mzee mmoja alikuwa akiufuata huku akipiga kona zake kwa tawi bichi, bila haraka, akizungumza habari za ufuta. Ilipofika usiku umande ulikuwa umeumaliza. Asubuhi pori lilikuwa na mabaka, jeusi hapa na kijani pale, na mabaka hayo ndiyo dhamira yenyewe: moto wa Oktoba ukija, utakuta chakula kimekatwa vipande vipande na utakosa pa kupita.

Moto wa Oktoba ni kiumbe kingine. Nyasi zimekuwa kavu kama karatasi, upepo wa mchana ni mkali, miali hupanda hadi kwenye matawi na sauti yake husikika kabla hujauona. Tena huja wakati mbaya kuliko wote, kwa kuwa miombo ina tabia ya kutoa majani mapya kabla ya mvua, yale majani mekundu na ya rangi ya shaba yanayopendeza porini Septemba na Oktoba. Mti umeshatoa akiba yake kutoka kwenye mizizi kutengeneza majani hayo, na ndipo moto unapoyababua. Ndiyo maana watu wa vijijini huuita moto kichaa. Hawauiti hivyo moto wa Mei.

Mninga unalieleza jambo hili kuliko kitabu. Mche wake huota mvua zinapokuja, kisha sehemu ya juu hufa kiangazi, mwaka unaofuata huchipua tena na kufa tena, na hali hii yaweza kuendelea kwa miaka kumi au zaidi huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi. Siku mzizi ukipata nguvu ya kutosha, shina hupanda kwa kasi na kujaribu kuvuka kimo cha miali. Ukishavuka, gome nene huulinda. Kinachoamua kama tutakuwa na mbao za mninga baada ya miaka 80 ni kama katika ile miaka michache ya kupanda moto uliopita ulikuwa wa goti au wa matawini. Mpingo nao una kisa chake. Moto mkali huuchoma ubavu, kidonda huingiza uozo, na fundi anapoupasua gogo lililoonekana zima hukuta tundu jeusi katikati, mahali palepale ambapo mtengenezaji wa klarineti alitarajia kupata mti mgumu usio na dosari. Mti uliochukua miongo mingi kukua unaishia kuwa kuni.

Wanaotetea kuruhusu moto hupenda kutoa mfano wa Marekani, na mfano huo una ukweli, ila unapaswa kuazimwa kwa hadhari. Baada ya moto mkubwa wa Agosti 1910 uliounguza hekta zaidi ya milioni moja huko Idaho na Montana na kuua watu wapatao 85, idara ya misitu ya nchi hiyo iliutangazia vita kila moto, na mwaka 1935 ikaweka kanuni kwamba moto ukionekana leo uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya kesho. Makovu kwenye pete za misonobari ya zamani yalikuwa yakisema wazi kwamba misitu hiyo iliungua kidogo kidogo kila baada ya miaka michache, mara nyingi kwa mikono ya wenyeji wa asili, lakini hawakusikilizwa. Matokeo yake, kuni zilirundikana kwa miongo, na moto uliokuja baadaye haukuwa na kidogo kidogo. Hata hivyo, kwetu kuni hazirundikani hivyo. Nyasi ya miombo huota upya kila masika, na mchwa hula sehemu kubwa ya kilichoanguka. Huko Marekani swali ni miaka mingapi imepita tangu msitu uungue. Kwetu ni mwezi gani utaungua mwaka huu. Anayetuletea suluhisho la California bila kulitafsiri kwa nyasi zetu anatuletea dawa ya ugonjwa wa jirani.

Kama elimu hii ipo tangu 1959, kwa nini bado misitu mingi huungua Septemba na Oktoba? Maelezo ya kawaida ni kwamba wananchi hawana elimu, na katika maeneo kadhaa ya nchi husimuliwa ile imani kwamba mtu akiwasha moto ukaenda mbali sana, maisha yake yatakuwa marefu. Sikatai kwamba imani hiyo ipo. Lakini nadhani tumeifanya kichaka cha kujifichia. Wengi wanaochoma wana sababu zinazoeleweka: kusafisha shamba la ufuta kabla ya mvua, kupata majani mabichi ya ng'ombe, kufungua njia ili nyoka aonekane, kurina asali, kuwinda ndezi. Mtu mwenye sababu halali akiambiwa kwamba kila moto ni kosa, haachi kuchoma. Hubadilisha namna ya kuchoma. Huacha kuwaita majirani, kwa sababu majirani ni mashahidi. Huacha kukaa na moto mpaka uzime, kwa sababu akikutwa pale ndiye mshitakiwa. Huwasha na kuondoka, tena wakati nyasi zimekauka kabisa kiasi kwamba njiti moja inatosha na yeye ameshafika mbali. Marufuku ya jumla imekuwa ikitutengenezea ule ule moto kichaa iliokusudia kuuzuia.

La kushangaza ni kwamba sheria yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 haikuufanya kila moto kuwa kosa. Iliweka utaratibu wa kibali kwa anayetaka kuchoma. Waliogeuza utaratibu kuwa marufuku ni sisi, katika mabango, katika hotuba, na katika ofisi ambako ni rahisi zaidi kwa afisa kusema hapana kuliko kufunga safari ya kilomita 40 kwenda kukagua njia ya moto iliyofyekwa na mkulima.

Mahali ambapo mlango ulifunguliwa, mambo yalikwenda tofauti. Katika wilaya ya Kilwa, vijiji vilivyotenga misitu yao wenyewe vilianza kuvuna mpingo na miti mingine kwa mpango, na mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, ya kwanza kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii barani Afrika. Shirika la MCDI lililofanya kazi na vijiji hivyo likauingiza moto katika hesabu kwa uwazi: kamati za maliasili zikachoma mapema, na ikaandaliwa mbinu ya kukokotoa kiasi cha kaboni kinachobaki kwenye miti kwa kuepuka moto wa mwisho wa kiangazi. Hapo kijiji kina sababu ya kumuuliza mtu wake, bila kumsubiri askari, kwa nini amewasha Oktoba. Fedha za kijiji hutoka kwenye magogo hayo, kwa hiyo mpingo ulioungua ni zahanati iliyoungua.

Mashamba ya miti ya kupandwa ni habari nyingine na haihitaji maneno mengi. Sao Hill kule Mufindi, na mashamba ya misindano ya wananchi yaliyotapakaa Njombe na Iringa, ni mali ya biashara yenye miti inayoungua kwa urahisi. Huko kunahitajika barabara za moto zilizolimwa kila mwaka, minara ya ulinzi na jirani anayejua namba ya simu ya kupiga. Tatizo ni kwamba tumeichukua nidhamu ya shamba la misindano na kuipeleka kwenye miombo, kama vile mtu anayemnyima maji ng'ombe kwa kuwa maji yaliua kuku wake.

Sidai kwamba kuchoma mapema hakuna madhara. Kukichomwa mahali pale pale kila mwaka, hata kwa moto wa goti, miche haipati mwaka wa kupumzika, na Ndola ilionyesha wazi kwamba kipande kilicholindwa ndicho kilichosongamana zaidi. Kijiji chenye uwezo wa kulinda eneo dogo la chanzo cha maji kwa miaka mfululizo kifanye hivyo. Mizinga ya nyuki yapasa kufyekewa kabla. Zaidi ya yote, kalenda yenyewe imeanza kuyumba: masika yakichelewa kukatika, Mei inakuwa mbichi mno na nyasi hazishiki, yakikatika mapema, Juni inaweza kuwa imeshakauka kama Agosti. Tarehe ya kuchoma haiwezi kuandikwa Dodoma na kutumwa kwa barua. Yapasa iamuliwe na mtu anayeweza kukunja unyasi kiganjani na kusikia kama unavunjika au unapinda.

Na hapa kuna jambo ambalo silioni likitajwa kwenye mijadala yetu ya misitu, pengine kwa kuwa ni la kihasibu na halina mvuto. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mei na Juni, miezi ambayo miombo ya kusini inataka mafuta ya pikipiki, posho za watu 20 kwa siku sita, mapanga na mabuti, ndiyo miezi ambayo mafungu ya halmashauri yanafungwa na mengi yameshakauka. Fungu jipya huanza Julai, na fedha zinapofika wilayani kwa kawaida ni Septemba au baadaye. Kwa hiyo bwana misitu hupata mafuta ya gari wakati ule ambao kazi pekee iliyobaki ni kukimbizana na moshi na kurekodi matangazo ya redio. Kijiji kinachouza magogo yake chenyewe hakina shida hiyo, kwa kuwa mapato ya msitu wa kijiji hubaki kijijini na kamati yaweza kuamua Aprili, katika mkutano wa kawaida, kwamba laki kadhaa zitengwe. Wilaya zisizo na misitu ya namna hiyo zingeweza kuruhusiwa kuvusha fungu la moto kutoka mwaka mmoja wa fedha hadi mwingine, liwe dogo kiasi gani, ili mradi lipo mkononi siku nyasi zinapoanza kupinda bila kuvunjika.